Kano Mpya, Miezi Tisa



Mchezaji anapoumia goti, swali la kwanza mtaani, redioni na hata nyumbani kwao huwa moja: atafanyiwa upasuaji lini? Akishafanyiwa, watu hushusha pumzi. Hutangazwa kwamba upasuaji umefanikiwa, picha yake akiwa kitandani ameinua dole gumba husambaa kwenye simu, na kuanzia hapo kinachohesabiwa ni siku zilizobaki arudi uwanjani. Jioni hii nataka kuonyesha kwamba hesabu hiyo imeanzia pasipostahili. Upasuaji wa kujenga upya kano ya goti ni kazi ya ustadi mkubwa, na kwa baadhi ya watu hauna mbadala. Lakini siku ile ya upasuaji hakuna mtu, hata daktari aliyeufanya kwa mikono yake, anayeweza kusema kama umefanikiwa. Alichofanya ni kuweka kamba mahali pake. Goti lenyewe hujengwa baadaye, kwa miezi tisa au zaidi, na wanaolijenga ni mgonjwa na mtaalamu wake wa fiziotherapia. Anayelipia upasuaji asilipie miezi hiyo amenunua nusu ya tiba, na nitajaribu kuonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Katika mazungumzo ya kila siku tunaita kano kitu chochote kilicho kama ugwe mgumu mwilini. Hapa nitasema kano kwa ule ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa mwenzake, na tendoni kwa ule unaofunga msuli kwenye mfupa. Tofauti hiyo itatufaa, maana upasuaji tunaouzungumzia huchukua tendoni na kuitaka iwe kano. Goti lina kano nne kubwa. Mbili ziko ubavuni, ya ndani na ya nje, na mbili ziko katikati kabisa ya kiungo, zimepishana kama msalaba. Galen, tabibu aliyewahi kuwatibu wapiganaji wa ulingoni huko Pergamon katika karne ya 2, alikwisha kuzieleza. Ya mbele kati ya hizo mbili ndiyo inayovuma, ile ambayo vijana wa viwanjani wanaiita ACL. Urefu wake ni kama sentimita 3 na upana wake kama sentimita 1. Huzuia fupa la muundi lisichomoze mbele chini ya fupa la paja, na huzuia goti lisijisokote mtu anapogeuka. Anayetembea barabarani kwa mwendo ulionyooka haidai kazi kubwa. Anayekata kona kwa kasi, anayesimama ghafla, anayeruka na kutua kwa mguu mmoja, huyo ndiye anayeivuta mpaka mwisho wake. Ndiyo maana majeraha mengi ya kano hii hutokea mchezaji akiwa peke yake, hajaguswa na mpinzani: anageuka, anasikia mlio ndani ya goti, anaanguka, na kabla ya usiku kuingia goti limefura kwa damu.

Kano ya ubavuni ikichanika, mara nyingi huunga yenyewe. Hii ya katikati ina shida yake. Imezungukwa na ute wa kiungo, na ute huo huliyeyusha lile bonge la damu ambalo, mahali pengine mwilini, lingekuwa daraja la kuunganisha ncha mbili zilizoachana. Madaktari waliijua shida hii kwa kushindwa. Mwaka 1895, huko Leeds nchini Uingereza, Arthur Mayo Robson alizishona kano za msalaba za mchimba makaa ya mawe, na mwaka 1903 akaandika kwamba mtu huyo alikuwa anaendelea vizuri. Ilionekana basi kwamba njia ni kushona. Miongo mingi baadaye, nchini Marekani, John Feagin na wenzake waliwashonea wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, vijana wenye afya, nidhamu na uangalizi ambao mgonjwa wa kawaida hawezi kuupata. Katika miaka miwili ya mwanzo matokeo yalipendeza. Walipowafuatilia hadi mwaka wa tano, ripoti iliyotoka mwaka 1976 ilionyesha kwamba magoti ya wengi yalikuwa yanacheza tena, na wengine walikuwa wameumia upya. Naipenda sana ripoti hiyo kwa ujasiri wake, kwa sababu waandishi walikuwa wanahesabu kushindwa kwa kazi ya mikono yao wenyewe. Imetufundisha pia kwamba goti lililo zuri katika mwaka wa pili bado halijatoa ushahidi wake wote.

Njia iliyoshinda ilikuwa imekwisha kuoneshwa na Ernest Hey Groves wa Bristol mwaka 1917: kuacha kushona, kutoboa tundu katika muundi na jingine katika fupa la paja, kisha kupitisha humo ukanda uliotolewa mahali pengine mwilini mwa mgonjwa. Yeye alitumia utando mgumu wa ubavuni mwa paja. Leo hutumika tendoni za misuli ya nyuma ya paja, au sehemu ya tendoni iliyo chini ya pia ya goti, au ile iliyo juu yake, na kazi yote hufanywa kwa kamera na vifaa vinavyoingia katika matundu madogo, lakini wazo ni lilelile la 1917. Katika miaka ya 1980 wengi walitamani kulikwepa kwa kutumia kano za viwandani, za nyuzi za kaboni na za plastiki. Zilikuwa imara tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo lililovutia. Zilipokatika, vumbi lake lilichokoza kiungo kikavimba, na nyingi zikaachwa. Uzi usio na uhai huvutwa, huchoka, na hauna namna ya kujirekebisha.

Kipandikizi cha tendoni kina uhai, au tuseme kitakuwa nao, na hapa ndipo penye jambo ambalo mgonjwa hana budi kuelezwa kwa lugha yake. Tendoni ikishakatwa kutoka kwenye msuli wake haina tena damu inayoifikia. Katika wiki za kwanza chembe hai zake nyingi hufa. Kinachobaki ni kiunzi cha nyuzi, kamba iliyofungwa kwa skrubu au kitufe cha chuma, nguvu zake zikitegemea jinsi ilivyofungwa. Kisha mishipa midogo ya damu huanza kuiparamia kutoka pembeni, chembe mpya huhamia ndani, na nyuzi za zamani hubomolewa ili mpya zijengwe. Wakati wa kubomoa ndio ambao kipandikizi huwa dhaifu kuliko wakati wowote, na tafiti za wanyama huuweka takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12. Angalia jinsi ratiba ya mwili inavyopingana na hisia za mgonjwa. Katika wiki ya nane maumivu yamekwisha, magongo yamewekwa uvunguni, makovu ni mistari midogo isiyotisha mtu, na kijana anahisi amepona. Ndani ya goti, hiyo ndiyo wiki ambayo kamba yake ni laini kuliko ilivyokuwa alipotoka hospitali. Ujenzi huo huendelea kwa zaidi ya mwaka, na hakuna skrubu wala kitufe kinachoweza kuuharakisha.

Kamba hata hivyo ni sehemu tu ya goti. Kano ya asili ina neva zinazoupa ubongo habari za mkao wa kiungo, ili misuli ikaze kabla mguu haujatua. Kipandikizi huwekwa bila habari hizo. Zaidi ya hayo, goti likishafura, mwili wenyewe huizima misuli ya mbele ya paja, na paja hunywea kwa siku chache tu. Mgonjwa akijaribu kuikaza, msuli haumtii, na si kwa sababu ya uvivu. Zamani tuliongeza ubaya huo kwa kufunga mguu plasta kwa wiki nyingi baada ya upasuaji. Donald Shelbourne wa Indianapolis aligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wake walikuwa wanakiuka maagizo, wanakunja na kunyoosha magoti yao na kuyakanyagia mapema, na hao ndio waliokuwa wanapona vizuri kuliko watiifu. Mwaka 1990 alichapisha, pamoja na mwenzake Paul Nitz, mpango wa mazoezi ya mapema uliobadilisha kazi hii duniani kote. Alionyesha pia kwamba kulipasua goti lililofura na lisilonyooka, siku chache baada ya kuumia, humwachia mgonjwa goti lililokakamaa. Kwa hiyo mazoezi hutangulia kisu: kwanza uvimbe utoke, goti linyooke, misuli iamke. Haraka ambayo jamaa huidai siku ya ajali inaweza kumdhuru yule wanayemhurumia.

Nimesema nusu iliyoachwa huwa na uzito zaidi, na ushahidi wake ni huu. Huko Sweden, Richard Frobell na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu vijana wachangamfu 121 waliokuwa wamechanika kano hii. Kundi la kwanza lilipasuliwa mapema kisha likafanya mazoezi. La pili lilifanya mazoezi, likiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye kama goti litaendelea kuachia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu, kwa matumizi ya goti wala kwa ubora wa maisha. Baada ya miaka mitano, 30 kati ya 59 wa kundi la pili walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Waliobaki, karibu nusu, hawakuuhitaji, na bado makundi yalilingana. Mwaka 2021 Waholanzi walichapisha jaribio kama hilo lenye wagonjwa 167. Waliopasuliwa mapema walikuwa mbele kidogo, kwa kiasi ambacho watafiti wenyewe walitilia shaka kama mgonjwa angekihisi, na nusu ya walioanza na mazoezi walifika miaka miwili bila kisu. Kilichokuwepo katika makundi yote ya majaribio haya mawili ni mazoezi yenye mpango na usimamizi. Wapo waliopona bila kipandikizi, lakini hakuna aliyejaribiwa kuponywa kwa kipandikizi kitupu.

Atasimama mtu mwenye haki ya kupinga na kunikumbusha jaribio la Uingereza la mwaka 2022, lililochapishwa katika jarida la Lancet. Wagonjwa 316 waliokuwa wamekaa na jeraha kwa muda na magoti yao bado yanaachia waligawanywa, na waliopangiwa upasuaji walipata nafuu kubwa kuliko waliopangiwa mazoezi. Sikatai hata tarakimu moja. Tena jaribio hilo linatueleza vizuri nani wa kupasuliwa: yule ambaye goti lake linaendelea kumsaliti baada ya kupewa nafasi ya kupona. Goti linaloachia mara kwa mara husaga meniski, vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyobeba uzito kati ya mifupa, na meniski ikishaharibika ni vigumu kuirudisha. Yupo pia mchezaji ambaye riziki yake ni kukata kona. Huyo sitamwambia asubiri aone. Na lipo goti lililovunjikiwa kano mbili au tatu kwa pamoja, ambalo katika miji yetu huletwa na ajali za bodaboda kama linavyoletwa na mpira. Hapo kabla ya yote huangaliwa kama damu inafika unyayoni, kwa sababu mshipa mkubwa unaopita nyuma ya goti huweza kukatika, na mguu ukapotea ndani ya saa chache huku watu wakijadili kano. Hayo yote ni sababu za kuchagua upasuaji, na hakuna hata moja inayopunguza kazi ya baadaye. Katika jaribio la Uingereza, waliopasuliwa nao walifanya mazoezi.

Pingamizi jingine ni la wanaoutaka upasuaji kama bima ya uzeeni: nipasuliwe sasa goti lisije likasagika. Ningependa iwe hivyo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2004 uliwaangalia wanawake waliokuwa wameumia kano hii wakicheza soka miaka 12 nyuma, wengi wao wakiwa bado katika umri wa miaka ya 30, na picha za eksirei zilionyesha kusagika kwa viungo kwa takriban nusu yao, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Jaribio la Frobell nalo halikuona tofauti ya picha hizo katika mwaka wa tano. Pigo la siku ile, lililobamiza mifupa na kuumiza gegedu, halifutwi na kamba mpya. Tunachoweza kukipunguza ni meniski kuchanika baadaye, uzito wa mwili kuongezeka, na misuli kunywea.

Nimeachia nafasi pingamizi lililo zito kwangu, kwa kuwa ni la nyumbani. Upasuaji huu unafanyika kwetu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa goti kwa matundu madogo, na hospitali kadhaa za Nairobi vilevile. Mgonjwa anaweza kusafiri kutoka wilayani mara moja akapasuliwa. Hawezi kusafiri mara mbili kwa wiki kwa miezi tisa. Basi, husemwa, habari ya mazoezi ya kusimamiwa ni anasa ya Sweden, na kwetu ni afadhali kumpa mtu kamba na kumwombea heri. Naona hoja hii inageuka dhidi ya mwenye kuitoa. Ikiwa miezi tisa haipatikani, upasuaji ndio unaokuwa wa hatari: goti lililopasuliwa likaachwa hukakamaa, paja hubaki jembamba, na mtu aliyekuja akitembea hurudi akichechemea. Mkulima anayetembea na kuinama shambani, au mwalimu anayesimama darasani, huenda hahitaji kipandikizi hata kidogo kama misuli yake itaamshwa, ilhali fundi anayepanda ngazi na magogo, na goti linamwachia, anakihitaji pamoja na miezi yake. Sehemu kubwa ya miezi hiyo haina mashine. Ina kiti cha kukalia na kuinukia kwa mguu mmoja, ngazi, mfuko wa mchanga unaoongezwa uzito, kamba ya mpira wa tairi la ndani. Kinachokosekana ni mtu mwenye ujuzi wa kupanga lini uzito uongezwe, na mtu huyo anaweza kuwa katika hospitali ya wilaya. Daktari bingwa wa jijini akimwandikia ratiba ya wiki kwa wiki, wakawa wanapigiana simu, mgonjwa hatapotelea njiani. Wengi wanaokosa mtu huyo humwendea mchuaji, na goti lililofura likichuliwa kwa nguvu huzidi kufura na msuli huzidi kuzimika. Simlaumu mgonjwa, ameenda palipokuwa na mikono ya kumpokea.

Upo ushahidi mmoja zaidi kwamba uimara wa goti hukaa kwenye misuli na neva kama unavyokaa kwenye kano, nao unatoka kwa watu ambao hawajaumia. Mwaka 2012 Waswidi walichapisha utafiti wa wasichana zaidi ya 4,500 wa miaka 12 hadi 17 wanaocheza soka. Timu za kundi moja zilifanya kwa dakika 15, mara mbili kwa wiki, mazoezi ya kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole bila kuangukia ndani. Kundi hilo lilipata majeraha ya kano hii pungufu kwa asilimia 64. Kano zao hazikubadilishwa; walichobadilisha ni namna ya kutua. Wasichana na wanawake huumia kano hii mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume katika michezo ileile, na netiboli, inayochezwa katika karibu kila shule yetu, humtaka mchezaji aruke, adake na kusimama papo hapo. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023 Uingereza ilimkosa nahodha wake Leah Williamson na mfungaji wake Beth Mead kwa jeraha hilihili. Mazoezi yanayolinda goti zima ni ndugu wa damu wa yale yanayolirudisha lililopasuliwa. Anayeyaita nyongeza ya upasuaji amegeuza mpangilio.

Limebaki pingamizi la klabu. Ligi haisubiri, mkataba una tarehe, na mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mchezaji atakayeumia karibu na mashindano atashinikizwa na nchi nzima. Hege Grindem na wenzake waliwafuatilia kwa miaka miwili watu 106 wa Oslo na Delaware waliojengewa kano upya. Kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Kati ya waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia tena. Kati ya waliofaulu, chini ya 6. Klabu inayomwingiza mchezaji katika mwezi wa sita inapata miezi mitatu, na inaweza kulipia kwa mwaka mwingine mzima na kipandikizi cha pili, ambacho kwa kawaida hakifikii cha kwanza. Vipimo vyenyewe si siri ya nchi tajiri. Ipo mashine ya kupima nguvu za paja, lakini kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja kinahitaji chaki sakafuni na utepe wa fundi cherehani: mguu mzima ukifika mita 1.50, uliopasuliwa unatakiwa ufike walau mita 1.35, na utue bila goti kuangukia ndani. Mguu mzima upimwe kabla ya upasuaji, kwa sababu nao hunywea katika miezi ya kukaa, na ukipimwa mwishoni utaufanya mwenzake aonekane amepona kumbe wote wawili wameshuka.